Nimegeuka mlinzi wa mume wangu mlevi, sasa mwenyewe sijijui

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia usiku, watoto wamelala na baba yao amelala, maana mchana sipati nafasi hata ya kukaa na mawazo yangu.

Nimeolewa miaka 11. Tuna watoto wawili, wa kike ana miaka tisa na mdogo wake wa kiume ana minne. Mume wangu ni mtu mwema. Najua kila mwenye mume mlevi husema hivyo, lakini huyu ni mwema kweli. Hajawahi kuninyanyulia mkono, na akiwa mzima watoto hawambanduki. Tatizo ni pombe. Ilianza kuwa ya mwisho wa wiki, ikawa ya kila jioni, na sasa asubuhi mikono inamtetemeka hawezi kushika kikombe mpaka azimue kidogo.

Shangazi, pombe ya mume wangu naijua kuliko anavyoijua yeye. Nikisikia ufunguo unavyoingia kwenye kitasa, najua amekunywa kiasi gani. Ukiingia mara moja, nashusha pumzi. Ukikwaruza huku na huku, nawahi kuwaingiza watoto chumbani kabla hajafika sebuleni. Najua anakoficha chupa, na kila niliyoiona naiwekea alama ya kalamu kwenye lebo ili kesho nijue imepungua wapi. Simu yake naipekua. Kadi yake ya benki nakaa nayo mimi, kisha akinibembeleza nampa. Asubuhi akishindwa kuamka ni mimi ninayepiga simu kazini kwake: ana homa, ana tumbo, amefiwa. Nimeshasema amefiwa na watu ambao wako hai. Madeni yake nalipa kimyakimya. Mama yake hadi leo anajua mwanawe ana shinikizo la damu tu.

Mwaka jana aliacha. Alitibiwa, akajiunga na kikundi cha watu walioacha pombe, akakaa miezi mitatu hajagusa. Ndicho nilichokuwa nikikiombea usiku na mchana. Lakini sikuwa na amani. Akichelewa dakika kumi, roho juu. Akirudi kutoka kwenye kikundi chake anachangamka, mimi nanuna. Nilimtafutia makosa ya kila aina, hata jinsi anavyokunja taulo. Jioni moja watoto walikuwa wamelala, yeye anasoma gazeti, nikajikuta nimesimama katikati ya nyumba sina la kufanya, nikaingia bafuni nikalia. Na aliporudia kunywa, naona aibu kuliandika hili, kuna kitu ndani yangu kilitulia. Nilijua tena kazi yangu ni ipi.

Wiki iliyopita simu yake iliita, alikuwa bosi wake. Binti yangu aliiwahi kabla yangu. Akasema kwa sauti ya adabu kabisa, "Baba anaumwa, amelala, akiamka atakupigia." Hakuna aliyemfundisha. Baba yake alikuwa amelala kwenye kochi na viatu.

Dada yangu anasema mimi ndiye ninayemlea kwenye ulevi, kwamba na mimi nina ugonjwa wangu, na kwamba niondoke. Rafiki yangu anasema kuna dawa ukimchanganyia mtu kwenye kinywaji bila yeye kujua, anaichukia pombe. Mimi nimewaza kumfungia ndani siku chache, nimwage kila chupa, ufunguo nikae nao. Na sasa mwenyewe ananiomba nichukue mkopo kwa jina langu alipe madeni yote aanze upya. Anasema nikikataa nitakuwa nimemtupa. Anataka jibu mwisho wa mwezi.

Ni kweli mimi ndiye tatizo? Na nikiacha kumbeba akaanguka, lawama si itaniangukia mimi?

Mwanao,
Niliyechoka kulinda

*

Marahaba mwanangu,

Nitaanzia mwishoni mwa barua yako, kwa sababu kuna jambo haliwezi kusubiri. Usimfungie ndani, na usimwage chupa zote kwa mpigo.

Mtu anayetetemeka asubuhi mpaka azimue, mwili wake umeshaizoea pombe kiasi kwamba kuinyimwa ghafla ni hatari. Pombe hupunguza kasi ya ubongo. Ubongo unaonyweshwa kila siku kwa miaka hujirekebisha kwa kujiongezea kasi, ili mtu aweze kusimama na kuongea akiwa na kilevi ndani. Ukiiondoa pombe leo, ile kasi inabaki na hakuna cha kuishika. Ndipo huja jasho, kutapika, moyo kwenda mbio, kukesha. Kwa baadhi huja degedege, mara nyingi kati ya saa 6 na saa 48 tangu mara ya mwisho kunywa. Wachache, siku ya pili hadi ya nne, huweweseka: wanaona visivyokuwepo, hawajui walipo, joto la mwili na shinikizo la damu vinapanda. Hali hiyo huua. Watu wengi hudhani arosto inayoua ni ya dawa za kulevya, pombe ni ya kuvumilia tu. Sivyo. Hospitalini wana dawa za kuutuliza ubongo na kuzipunguza siku hadi siku, na humpa vitamini B1 kwa sababu wanywaji wa muda mrefu huishiwa nayo na ubongo hudhurika. Kwa hiyo lengo ni aache akiwa mikononi mwa daktari, kama alivyofanya mwaka jana.

Na hiyo dawa ya kuchanganya kwa siri, achana nayo kabisa. Ipo dawa halali iitwayo disulfiram. Huuzuia mwili kumalizia kazi ya kuivunja pombe, na sumu iitwayo asetaldehidi inajaa kwenye damu. Mtu akinywa hapo, uso unawaka, anatapika, shinikizo la damu linaporomoka, na mwenye moyo mbovu anaweza kufa. Ndiyo maana hupewa aliyekubali mwenyewe, aliyepimwa moyo na ini, na ambaye hajagusa pombe kwa angalau saa 12. Mumeo anazimua kila asubuhi. Kumtilia dawa hiyo kwa siri ni kumtilia sumu. Kama ni unga usio na jina, ndiyo kabisa, hujui hata unampa nini. Zipo dawa nyingine, naltrexone na acamprosate, zinazosaidia kupunguza hamu ya kunywa au kumsaidia aliyekwishaacha asirudie. Hizo ni mazungumzo yake na daktari, akiwa anajua anachomeza.

Sasa tuje kwako.

Dada yako amekwambia mambo mawili kwa mkupuo mmoja, na hayana uzito sawa. Kwamba kuna namna unamlea kwenye ulevi, hilo lina ukweli na nitalieleza. Kwamba wewe ni mgonjwa, hilo silikubali. Hali unayoishi, ambapo maisha ya mtu mzima yanazunguka uraibu wa mwenzake, siku yake nzuri ni siku nzuri ya mwenzake na mbaya ni mbaya yake, wengi huiita utegemezi wa kihisia. Jina lake la Kiingereza, codependency, lilienea miaka ya 1980 kutoka kwenye vituo vya kutibu ulevi, na limesaidia watu kujitambua. Lakini mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani, toleo la 5 la mwaka 2013, hauutaji kama ugonjwa. Na sisi wanawake tuna sababu ya kuwa waangalifu na lebo za namna hii. Kuna wakati wataalamu waliandika kwamba wake wa walevi ni wanawake wenye kasoro waliochagua walevi makusudi, na kwamba mume akipona wao huharibikiwa. Mwaka 1954 mwanasosholojia Joan Jackson alichapisha alichokiona baada ya kuwasikiliza wake hao kwa muda mrefu. Alionyesha kwamba tabia zao, kuficha, kulinda, kuhesabu, kununa, zilikuwa jinsi familia inavyojipanga upya hatua kwa hatua inapopatwa na janga lisiloisha. Mtu yeyote mwenye akili timamu akiwekwa kwenye nyumba hiyo miaka kadhaa, atajifunza kusikiliza ufunguo.

Kwa hiyo hukumfanya mumeo mlevi. Vikundi vya ndugu wa walevi vina maneno matatu wanayorudia sana: hukusababisha, huwezi kuudhibiti, huwezi kuuponya. Yashike hayo.

Lakini angalia simu ya asubuhi. Siku ile ya kwanza ilikuwa busara tupu, maana mshahara ulikuwa hatarini na watoto wanakula kwa mshahara huo. Tatizo la mambo haya, mwanangu, ni kwamba kila kitendo kimojakimoja kina sababu nzuri. Sasa yatazame yote kutokea upande wake. Amekunywa usiku. Ameamka saa nne: kazini wamepewa sababu, deni limelipwa, mama yake hajui, matapishi yamefutwa, watoto wameshaenda shule. Raha ya pombe aliipata yeye, gharama yake umeilipa wewe mpaka senti ya mwisho. Ubongo wa mwanadamu hujifunza kutokana na kinachofuata baada ya tendo, na kwake hakifuati kitu zaidi ya uso wako ulionuna, ambao ameshauzoea. Wazee walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Hapa mwenye maradhi ni mmoja na anayeficha ni mwingine, na kinachochakaa kwanza ni huyo anayeficha.

Nisikuzuge, kuna jambo la pili linalokushika, nalo ni zito zaidi kuliko huruma. Siku ya tano au ya kumi anaamka mzima, anacheka, anawabeba watoto, anakuomba radhi kwa macho yaliyojaa machozi, na unampata tena yule aliyekuoa. Hujui siku hiyo itakuja lini. Mwanasaikolojia B. F. Skinner alionyesha zamani kwamba zawadi inayokuja bila mpangilio hushikilia tabia kwa nguvu kuliko inayokuja kila mara. Ndiyo inayomfanya mcheza kamari asiinuke. Wewe nawe unasubiri siku hiyo kwa namna hiyohiyo. Alama zako za kalamu kwenye lebo ndizo zinazokupa hisia kwamba unashika usukani. Jiulize tu, kwa miaka yote uliyopima, alama hizo zimewahi kupunguza tone moja?

Ile miezi mitatu uliyoniandikia kwa aibu, ningependa uiweke chini aibu hiyo, maana hapo ndipo barua yako ilipo. Nikupe kisa cha kweli. Bill Wilson wa Marekani alikuwa mlevi wa kupindukia. Aliacha mwishoni mwa 1934, na mwaka uliofuata yeye na daktari Bob Smith wakaanzisha Alcoholics Anonymous, umoja wa walevi wanaosaidiana kuacha pombe. Mkewe, Lois, alikuwa amehangaika naye tangu walipooana: kumuuguza, kumsitiri, kufanya kazi yeye ili nyumba isimame. Siku moja Bill, mzima kabisa, alimwambia afanye haraka wawahi mkutano wao. Lois akamrushia kiatu na kuilaani mikutano yao. Alishtuka mwenyewe. Baadaye alieleza kwamba alipojichunguza aliona amejaa uchungu: alichoshindwa kukifanya yeye kwa miaka yote ya upendo, wageni walikifanya kwa muda mfupi, na sasa hakuna aliyemhitaji kama zamani. Mwanamke huyo hakuwa mbaya, wala hakutaka mumewe alewe. Mwaka 1951 yeye na mwenzake waliunganisha vikundi vya ndugu wa walevi vikawa Al-Anon, ambavyo leo viko nchi nyingi, na vingine hukutana kwa simu au mtandao.

Uliposimama katikati ya nyumba huna la kufanya, ulikuwa umekutana na hilohilo. Kwa miaka, swali lako la kwanza ukiamka lilikuwa yeye yukoje. Swali hilo likaondoka, na chini yake hukukuta jingine. Hukutulia alipoanza tena kwa sababu unapenda ulevi wake. Ulitulia kwa sababu mwili ulirudi kwenye zamu unayoijua. Na mwenzako akiacha, hakuna anayemwambia mke kwamba naye ana safari yake ya kupona; watu wote wanampongeza mume. Mlipaswa kutazamwa wote wawili. Hilo halikufanyika, na akirudi kwenye matibabu safari hii, lisiachwe tena. Nenda kwa mshauri nasaha wako mwenyewe, au kikundi cha ndugu, hata kama yeye bado anakunywa. Usisubiri apone ndipo uanze.

Hapo hapo nataka uanze kujibu swali dogo sana: leo mimi nataka nini, mbali na yeye kuwa mzima? Mwanzoni hutapata jibu, utakasirika. Endelea kuuliza. Mpigie mtu uliyemkimbia kwa sababu ya kuogopa akija atamkuta amelewa. Rudisha jambo moja ulilokuwa ukilifanya kabla ya haya, hata saa moja kwa wiki, na saa hiyo usiivunje kwa sababu amechelewa.

Sasa binti yako. Nimeisoma ile sentensi yake mara nyingi, na imenikaa. Mtoto wa miaka tisa amemdanganya mtu mzima kwa adabu ili kulinda nyumba, na huenda akasifiwa kwa kuwa na akili. Watoto wa nyumba zenye uraibu hujifunza mapema kusoma hewa, kunyamaza, kuwa wazuri kupita kiasi. Naye anausikia ule ufunguo, mwanangu. Unapowaingiza chumbani anajua kwa nini. Asichokijua ni kama anaruhusiwa kujua. Kaa naye, baba yake hayupo, umwambie kwa lugha yake: "Baba ana ugonjwa wa pombe. Wewe hukuusababisha, na si kazi yako kuutibu wala kuuficha. Simu ya baba usiipokee. Ukiogopa au ukikasirika, njoo uniambie." Usimtukane baba yake, wala usimfanye mtoto kuwa mtu wa kumlilia. Akiuliza kama baba atakufa, mwambie ukweli unaoujua: madaktari wanaweza kumsaidia, na wewe utakuwepo. Kama kuna mwalimu mmoja unayemwamini, mwambie. Siri hii imemlemea mtoto kuliko unavyodhani.

Kwa mume, usianze kwa kubadilisha kila kitu. Anza na ile simu. Chagua wakati ambao ni mzima, asubuhi baada ya kuzimua kama hakuna wakati mwingine, lakini si usiku na si katikati ya ugomvi. Maneno machache: "Nakupenda. Jumanne nilimwambia bosi wako una homa, na haikuwa kweli. Sitapiga simu hiyo tena, utapiga wewe. Siku yoyote ukisema twende kwa daktari, nitaacha kila kitu nikusindikize siku hiyohiyo." Kisha nyamaza. Usianze historia ya miaka 11. Atakasirika, au atalia, au ataahidi. Wewe shika ulichosema. Umeshamtishia kuondoka mara ngapi, na mara ngapi ulikuwa tayari kweli? Kitisho huelezea yeye atakavyolazimika. Mpaka huelezea wewe utakavyofanya, na uwe ni jambo unaloliweza hata akikasirika. Kama huliwezi bado, usiliseme.

Watu watakwambia kuna njia mbili tu, kuvumilia au kukata kamba. Ipo ya tatu, na ushahidi wake ni mzuri. Mwanasaikolojia Robert Meyers na wenzake Marekani walibuni mafunzo ya kumfundisha ndugu wa mlevi namna ya kuishi naye: akiwa mzima, mpe uwepo wako wote, kaa naye, cheka naye, fanyeni analolipenda, akinywa, ondoka chumbani bila vita, usimpikie ugomvi wala usimfutie alichochafua, na pombe inapomfikisha pabaya mwenyewe akachoka, hapo uwe umeshajua daktari ni nani na anapatikana lini. Mwaka 1999 walichapisha utafiti wa ndugu 130 wa wanywaji waliokuwa wamekataa matibabu. Katika kundi lililofundishwa njia hii, asilimia 64 walifanikiwa kumwingiza mnywaji kwenye matibabu. Waliofundishwa kuitisha kikao cha familia cha kumkabili walikuwa asilimia 30, na waliopelekwa njia ya Al-Anon asilimia 13. Namba hiyo ya mwisho isikuzuie kwenda kwenye vikundi hivyo. Kazi yao haikuwa kumbadilisha mnywaji, ni kumpumzisha wewe, na katika hilo makundi yote matatu yalisaidika. Ninachotaka uone ni kwamba upole wenye mpaka unafanya kazi kuliko kumkalisha mtu katikati ya ukoo akaumbuliwa.

Na akianguka? Sitakudanganya. Anaweza kupoteza kazi. Wengine huamka hapo, wengine hawaamki. Lakini simu zako hazijamzuia kuipoteza, zimeahirisha tu, na bosi anayempigia nyumbani ameshaanza kujua. Kuna kuanguka unakomwachia na kuna ambako huachi kamwe. Aibu kazini, deni lake, mama yake kujua, kuamka kwenye kochi na viatu vyake: hayo ni yake. Ukimkuta haamshiki, ngozi ni baridi au midomo ya bluu, anapumua chini ya mara nane kwa dakika au kwa kusitasita, hapo hakuna somo la kufundisha. Mlaze ubavu ili asipaliwe na matapishi, usimwache peke yake, ita gari la wagonjwa. Degedege au kuweweseka, vilevile. Akishika funguo za gari amelewa, watoto hawaingii, hata akipiga kelele. Na akizungumzia kujiua, lichukulie kuwa kweli, mpeleke hospitali. Umesema hajawahi kukunyanyulia mkono, nakuamini. Siku akikunyanyulia, haya yote ya upole na mpaka yanawekwa kando, na unatoka na watoto kwanza.

Kuhusu kuondoka: sikwambii uondoke wala ubaki. Dada yako hatalala kwenye kitanda chako, wala mimi. Ila fanya uwezekano huo uwe wa kweli, ili kama utabaki, uwe umebaki kwa hiari. Uwe na akaunti yako, vyeti vyako na vya watoto mahali unapopafikia, na mtu mmoja anayejua ukweli wote. Dada yako anafaa, hata kama maneno yake yamekuchoma. Mwambie unahitaji akusikilize kabla ya kukushauri.

Sasa mkopo, maana mwisho wa mwezi uko karibu. Usiusaini, na usiwe mdhamini wake kwa mkopo wa mtu mwingine. Deni likilipwa kwa jina lako, yeye atabaki hana deni na pombe yake anayo, wewe utabaki na marejesho ya miaka, na huo ndio mzigo utakaokufunga usiweze kuondoka hata ukitaka. Usimwambie "labda" ili kuepusha ugomvi wa leo. Mwambie: "Mkopo sichukui. Nikijua unaanza matibabu, gharama za matibabu nitasaidia, na nitamlipa daktari mwenyewe, fedha hazipiti mkononi mwako." Kama anadaiwa na watu wengi, tafuteni mshauri wa madeni mwende wote, akiwa mzima, na orodha yake ameiandika yeye kwa mkono wake. Atakwambia umemtupa. Mjibu kwamba simu ya daktari iko pale ukutani, na kesho asubuhi uko tayari kwenda naye. Kadi yake ya benki mrudishie siku hiyohiyo, na fedha za watoto ziingie kwenye akaunti yako kabla hujairudisha.

Niandikie tena ukishaongea na binti.

Shangazi yako